UKURASA WA NYUMBANI: Barua ya Shule Isilale Mfukoni

Juma hili nimeacha habari za mapishi na za kulea watoto wachanga, ili tuzungumze juu ya kitu kidogo chenye uzito mkubwa. Kitu hicho ni ile karatasi ambayo mtoto wa shule ya sekondari hupewa na mwalimu wake siku ya Ijumaa, akaambiwa, "Mpelekee mzazi wako."

Sababu ya kuchagua jambo hili ni mama mmoja aliyefika ofisini kwetu mwaka 2024. Alikuwa mke wa askari, na mumewe wakati huo alikuwa kazini Somalia. Alinyoosha mkono akaniwekea mezani kitu mfano wa donge la ugali mkavu. Nilipolitazama vyema nikaona kuwa ni karatasi iliyofuliwa pamoja na suruali, ikaanikwa juani nayo. Maandishi yalikuwa yamefifia, lakini mstari mmoja ulisomeka: tarehe ya mwisho ya kuthibitisha majina ya watahiniwa wa kidato cha nne. Tarehe hiyo ilikuwa imekwisha pita. Muda wa kawaida wa usajili ulikuwa umepita, na muda wa kusajiliwa kwa malipo ya nyongeza nao ulikuwa umepita.

Nilimwuliza yule kijana, aliyekuwa amesimama nyuma ya mama yake, kwa nini hakuitoa barua. Alinyamaza kitambo, kisha akasema kwamba chini ya barua palikuwa na mstari mwingine, uliodai baki la karo. Alijua kuwa mama yake hana kitu mpaka mshahara wa baba uingie. Hakutaka kumwongezea mzigo. Akaona bora angoje mwisho wa mwezi ndipo aitoe, na mwisho wa mwezi akasahau.

Ndugu wasomaji, kijana huyo hakuificha barua kwa uhuni. Aliificha kwa huruma. Hata hivyo, usajili haujui huruma. Kijana alirudia kidato hicho mwaka 2025, akakaa dawati moja na watoto waliokuwa nyuma yake. Mwaka mzima wa ujana wake ulipotea ndani ya mfuko wa suruali.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nami naongeza kwamba hata elimu ya mtoto ni mali, nayo yahitaji daftari.

BARUA ZA SHULE HUSEMA NINI

Kwa kawaida barua hizi ni za namna tano, na kila moja ina haraka yake.

Kwanza ni barua ya tarehe. Mwaka wetu wa shule una mihula mitatu. Wa kwanza huanza karibu na mwanzo wa Februari, na wa tatu humalizika karibu na mwanzo wa Desemba. Tarehe kamili hutangazwa na Wizara ya Elimu, na shule huziandika katika barua ya kufunga muhula. Mzazi asiyeisoma humpeleka mtoto shuleni siku tatu baada ya wenzake kuanza, kisha hushangaa mtoto akianza muhula kwa kurukaruka.

Pili ni barua ya karo na mahitaji. Humo mna ufagio, sabuni, rimu ya karatasi, karatasi za chooni na mengineyo. Soma orodha yote mapema, ukanunue kidogo kidogo. Anayengoja asubuhi ya kufungua shule hununua kwa bei ya haraka. Tena angalia vizuri namba ya malipo ya mtoto wako, na usitume fedha kwa namba yoyote uliyoletewa kwa ujumbe wa simu na mtu usiyemjua, hata akijiita mwalimu mkuu. Uliza shuleni kwanza.

Tatu ni barua ya mwito, yaani mkutano wa wazazi na walimu au siku ya kuwatembelea watoto wa bweni. Nne ni ripoti ya mwisho wa muhula. Tano ni barua ya usajili wa mtihani, nayo ndiyo iliyomwangusha kijana wetu. Usajili hufanyika miezi mingi kabla ya mtihani wenyewe, wakati ambapo mzazi bado anaona mtihani uko mbali. Ikifika, tazama herufi za jina la mtoto moja moja. Jina likikosewa hapo, litakosewa pia kwenye cheti, na kulisahihisha baadaye ni safari ndefu yenye gharama.

RIPOTI MPYA SI KAMA YA ZAMANI

Wazazi wengi hunijia na ripoti mkononi wakiuliza, "Mbona sioni mtoto amekuwa wa ngapi?" Jibu ni hili. Mwezi Februari 2020 ulianzishwa mtaala mpya kwa kidato cha kwanza. Mwezi uliofuata shule zikafungwa kwa sababu ya maradhi ya korona, na hazikufunguliwa kwa wote mpaka tarehe 10 Januari 2022. Hivyo watoto wale wa kwanza walifanya mtihani wao wa kidato cha nne mwaka 2024, na matokeo yakatangazwa mwaka 2025.

Katika mtaala huu hakuna tena madaraja ya kwanza, ya pili na ya tatu tuliyoyazoea. Kila somo hupewa herufi yake. A ni uwezo wa kipekee, B ni uwezo bora, C ni wa kuridhisha, D ni wa msingi, na E ni wa awali kabisa. Tena mtihani wa mwisho si kila kitu. Katika kila alama 100, 80 hutoka kwenye mtihani wa mwisho, na 20 hutoka kwenye kazi ambazo mtoto amezifanya shuleni siku kwa siku chini ya macho ya mwalimu wake. Kuna pia kazi ya mradi, ambayo mwanafunzi huifanya kwa mikono na akili yake. Mwanafunzi asiye na alama za kazi hizo za shuleni hastahili kupewa cheti, hata akiandika mtihani wa mwisho kama mtu aliyeumeza mwandishi wake.

Maana yake kwetu sisi ni nini? Zamani mtoto aliweza kucheza miaka mitatu, akajifungia mwezi mmoja na taa ya chemli, akafaulu. Siku hizo zimekwisha. Mtoto anayekosa shule juma moja ili akamtunze mdogo wake, huenda akapoteza kazi ambayo haitafanywa tena. Wazazi tulijue hilo kabla hatujasema, "Leo baki nyumbani."

NENO KWA WANAOHAMA

Askari ni mtu wa uhamisho. Leo yuko Gulu, kesho Mbarara, keshokutwa Moroto, na familia humfuata na magodoro juu ya lori. Zamani mtoto aliyehama na barua ya ruhusa ya mwalimu mkuu alikuwa amekamilika. Sasa haitoshi. Kabla ya kupakia masanduku, mama au baba aende shuleni, aombe rekodi za alama za kazi za mtoto, ripoti zake zote, na namba yake ya utambulisho wa mwanafunzi. Mkabidhi mwalimu mkuu wa shule mpya mwenyewe, usimpe mtoto azipeleke. Na iwapo mtoto amekwisha sajiliwa kwa mtihani, tafadhali fikiri mara mbili kabla ya kumhamisha. Ni afadhali abaki kwa jamaa mpaka amalize mtihani, kuliko kuanza kutafutwa katika orodha za shule mbili.

KISWAHILI CHA KAMBINI NA KISWAHILI CHA DARASANI

Hapa nina furaha na nina kicheko kidogo. Kiswahili kimekuwa lugha ya jeshi na polisi katika nchi yetu tangu enzi za ukoloni. Mwaka 2005 katiba ilikitambua kuwa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kiwe somo la lazima katika shule za msingi na za sekondari. Katika mtaala mpya, Kiswahili kimo miongoni mwa masomo 11 ya lazima kwa kidato cha kwanza na cha pili, ingawa shule nyingi bado zina upungufu wa walimu wake.

Basi mtoto wa kambini ana bahati ambayo wenzake hawana, kwa kuwa lugha hiyo ameizaliwa nayo mlangoni. Lakini afande mpenzi, tukiri ukweli. Kiswahili cha gwaride kinafahamika, ila mwalimu hatakipa alama. Ukisema, "Watoto yangu nakwenda shule," kila mtu kambini atakuelewa. Mtoto akiyaandika hayo kwenye daftari, atarudi na wino mwekundu. Darasani husemwa, "Watoto wangu wanakwenda shule." Usione haya kusahihishwa na mwanao. Mwambie akufundishe jioni, kwa maana anayefundisha hujifunza mara mbili, nawe utapata Kiswahili safi bila karo.

MSUMARI WA BABA YANGU

Nami ni mtoto wa kota. Nililelewa katika vile vibanda vya mabati ambavyo askari wenyewe waliviita "mama ingia pole", kwa jinsi mlango ulivyokuwa mdogo. Baba yangu alikuwa konstebo wa polisi, na Kiingereza chake kiliishia kwenye amri za gwaride. Lakini alikuwa na msumari. Aliupigilia kwenye nguzo karibu na kitanda chake, na kila karatasi iliyotoka shuleni ilitungwa humo. Jioni, baada ya chakula, alitungua karatasi, akaniambia, "Soma, kisha fasiri, mstari kwa mstari."

Siku moja nilisoma barua nikauruka mstari mmoja, uliosema kwamba nimechelewa kufika shuleni mara sita. Baba alitikisa kichwa kana kwamba ameridhika. Asubuhi yake akampelekea koplo jirani yetu karatasi ileile, naye akaisoma yote. Sitaeleza yaliyofuata, kwa kuwa ukurasa huu husomwa na watoto pia. Lakini tangu siku hiyo sikuuruka mstari tena, na nadhani ule msumari ndio ulionifikisha chuo cha ualimu.

Nawaombeni kila nyumba iwe na msumari wake. Kama hujui Kiingereza, usione aibu. Kambini hakosekani jirani anayejua, na shule hazikatazi mzazi kwenda kuuliza. Kama baba yuko mbali kazini, ipige picha barua kwa simu, umtumie siku hiyo hiyo, naye ajibu apatapo nafasi. Baba aliye Mogadishu aweza kujua tarehe ya mkutano wa wazazi kuliko baba aliye kilabuni hatua 100 kutoka nyumbani.

Lakini jambo lililo kubwa kuliko msumari ni hili. Tuwaambie watoto wetu wazi kwamba barua yenye deni haimfanyi mtu kuwa mwana mbaya. Deni ni la wazazi, wala si la mtoto. Mzazi anayepokea barua ya karo kwa makelele na matusi humfundisha mtoto kuificha ile inayofuata. Mzazi anayeipokea kwa utulivu, akasema, "Ahsante kwa kuileta, tutaona la kufanya," amekwisha okoa nusu ya mwaka. Nenda shuleni ukaongee na mwalimu mkuu, eleza siku mshahara utakapoingia, omba kulipa kidogo kidogo, na makubaliano yaandikwe. Mara nyingi mwalimu mkuu husikiliza mzazi aliyefika mwenyewe kabla ya tarehe, kuliko yule anayekuja akilia baada ya tarehe.

MAJIBU KWA UFUPI

Mama wa kota za polisi aliyeuliza kama mtoto anayesoma bure chini ya mpango wa serikali wa sekondari, ulioanza mwaka 2007, hana haja ya kushughulikia usajili: La, mama. Serikali hulipia ada ya mtihani kwa watoto wa mpango huo, lakini majina, picha na taarifa zake lazima vithibitishwe kama vya wengine. Nenda shuleni.

Sajini aliyeuliza kama mwanawe aliyepata D katika somo moja ameshindwa: La, afande. D ni uwezo wa msingi, na lipo la kujenga juu yake. Keti naye, umwulize ni lipi lililomshinda, wala usimwulize kwanza ni nani aliyempita.

Mwisho, wasomaji wapenzi, leo jioni kabla ya kulala, fanyeni ukaguzi mdogo. Askari anajua ukaguzi ni nini. Mwambieni kila mtoto alete mkoba wake, na suruali ya shule ipekuliwe mifuko kabla haijaingia kwenye beseni. Mkiikuta barua, msigombe. Kaeni chini, muisome mpaka mstari wa mwisho.

Tuonane juma lijalo panapo majaliwa.