Jina la dawa hizi linawapotosha vijana wetu

Tarehe 25 Agosti 2015, jijini Beijing, marehemu Nicholas Bett alitimka katika kijia cha 9 na kunyakua dhahabu ya dunia ya mbio za mita 400 kuruka viunzi, kwa muda wa sekunde 47.79. Kwa mara ya kwanza, Kenya ilikuwa imepata bingwa wa dunia katika mbio fupi kuliko mita 800. Hapa Sigor, kama kote nchini, tulishangilia.

Furaha hiyo haikudumu. Kesho yake ilitangazwa kwamba Koki Manunga, mruka viunzi wa kike katika kikosi hicho hicho, pamoja na Joyce Zakary wa mita 400, walikuwa wamesimamishwa kwa muda baada ya vipimo kuonyesha dawa iliyopigwa marufuku. Mwezi Novemba, kila mmoja alifungiwa miaka 4.

Siandiki haya ili kuwahukumu upya. Muda wa adhabu ulikwisha pita. Kinachonishughulisha ni dawa yenyewe. Ilikuwa furosemidi, ambayo daktari humpa mgonjwa wa moyo au aliyevimba miguu, ili maji yaliyozidi mwilini yatoke kwa njia ya mkojo. Haimwongezei mtu kasi hata kidogo. Imekatazwa michezoni kwa kuwa mkojo ukizidi huzimuliwa, na dalili za dawa nyingine zikaweza kumpita mpimaji.

Hapo ndipo lugha yetu inapotuponza. Magazetini na redioni, na hata mimi katika safu hii, tumezoea kuziita dawa hizi zote "dawa za kusisimua misuli". Je, furosemidi husisimua msuli gani? Mwanafunzi alisikiapo jina hilo hufikiria sindano ya kutia nguvu, itolewayo kwa siri na mtu mwovu. Hafikirii kidonge cha kupunguza uvimbe, wala dawa ya mafua iliyonunuliwa dukani, ingawa baadhi ya dawa za mafua nazo zina kemikali zinazozuiwa wakati wa mashindano. Anajihadhari na mlango mmoja, naye amezungukwa na milango kumi.

Sheria nayo haina huruma kwa asiyejua. Kilichomo mwilini mwa mwanariadha ni dhamana yake. Kosa huthibitika kwanza. Nia huulizwa baadaye, wakati wa kupima urefu wa adhabu.

Wapo watakaoniambia kwamba wengi hujua watendalo. Sikatai. Rita Jeptoo, bingwa wa Boston na Chicago, alipopatikana na EPO mwaka 2014, hakuna aliyeweza kuiita dawa ya mafua. Mwenye kukusudia na aadhibiwe. Lakini mdanganyifu hujua njia zake; anayehitaji mwalimu ni yule asiyejua.

Tangu mwaka 2016 tunayo sheria ya kupambana na dawa hizi, pamoja na shirika la ADAK. Mwishoni mwa 2022, Kenya iliponea chupuchupu kufungiwa, baada ya serikali kuahidi dola milioni 5 kila mwaka kwa miaka 5. Fedha hizo zikiishia katika kupima mikojo tu, tutakuwa tunawakamata vijana ambao hatukuwahi kuwafunza.

Walimu wenzangu, mkimbiaji wa Kenya huanzia katika uwanja wa nyasi wa shule, si Beijing. Kabla hajaondoka mikononi mwetu, na ajue mambo matatu: amwambie kila daktari kwamba yeye ni mwanariadha, asome jina la kemikali, si jina la biashara tu, na akiugua kweli, aombe kibali cha matibabu kabla ya kumeza. Nasi tuanze kwa kuziita dawa hizo kwa jina linalozitosha: dawa haramu michezoni. Jina hilo halimfichi mtoto mlango hata mmoja.