Pima nyumba nzima kabla ya kununua karo

Mwenye nyumba wa Kolwezi akimwita fundi wa karo, swali lake la kwanza ni bei ya mita ya mraba. La pili ni siku ya kuanza. Ni wachache wanaouliza: mstari wa kwanza utaanzia wapi, na ukitoka saloni utaingiaje kolidori na vyumba? Kwa maoni yangu, jibu la swali hilo linastahili kulipiwa.

Tunajua tunavyojenga. Mwaka huu saloni, mwaka kesho vyumba, barza baadaye. Karo nazo tunanunua chumba kwa chumba, na fundi anaanza kila chumba kwenye kona yake. Mwishowe mistari ya kolidori haikutani na ya saloni, na pale mlangoni panabaki kipande chembamba ambacho ndicho cha kwanza kuvunjika.

Chukua saloni yenye upana wa mita 3.70 na karo za sentimita 60. Fundi akianzia ukutani, ataweka karo sita nzima, kisha atabaki na kipande cha sentimita 8 hivi. Akipanga tano nzima katikati, kila upande utapata kipande cha sentimita 34. Chumba ni kilekile, karo ni zilezile, lakini sakafu ya pili inapendeza na kudumu.

Sasa mstari huohuo uendeleze hadi kolidori. Pengine huko utaleta kipande kibaya. Ndiyo maana hesabu inafanywa kwenye karatasi, nyumba nzima kwa pamoja, ukisogeza mstari mpaka milango yote ikubali. Tanguliza mahali mgeni anapotazama akiingia. Mahali mistari isipoweza kukutana, ikatwe chini ya ubao wa mlango, si katikati ya njia. Kisha fundi avute kamba kutoka barza hadi chumba cha mwisho, na apime pembe: mita 3 upande huu, mita 4 upande ule, na kati ya ncha hizo iwe mita 5 kamili. Kuta zetu nyingi haziko sawa. Kamba ndiyo ya kuaminiwa.

Karatasi hiyo inakuambia pia ununue ngapi. Ongeza karibu asilimia 10 kwa ajili ya kukata na kuvunjika, na ununue zote siku moja, zenye namba moja ya rangi kwenye maboksi. Ukirudi sokoni baada ya miezi sita, shehena nyingine itakuwa imepita Kasumbalesa, na rangi inaweza kutofautiana. Kama pesa hazitoshi, afadhali kungoja.

Tusimlaumu fundi peke yake. Tukimlipa kwa mita tu, saa anazotumia kupima ni hasara yake. Tukubaliane naye malipo ya siku moja ya kupima na kuchora, kabla dola ya kwanza haijaingia dukani.

Wengine watasema: kwa nini kujisumbua na sakafu katika mji ambao ardhi yake inatafutwa na migodi? Hawajakosea kuogopa. Kule Kasulo, tangu 2014, watu walichimba kobalti hadi ndani ya nyumba zao, na mwaka 2017 sehemu ya mtaa ikazungushiwa uzio na wakaaji wakahamishwa. Katika Cité Gécamines, jirani na mgodi wa COMMUS, wakaaji wamelalamikia nyufa za nyumba na fidia ndogo.

Lakini hofu hiyo inanipa sababu nyingine ya kuitaka karatasi. Siku wapimaji wa fidia wakibisha hodi, mtu asiye na maandishi hubaki kusema kwa mdomo nyumba yake ilikuwaje. Mwenye mchoro wa vyumba, vipimo, idadi ya karo na risiti za duka ana kitu cha kuweka mezani. Haimhakikishii bei nzuri, ila inamfanya asikilizwe kwa namba.

Kwa hiyo, kabla ya kwenda dukani, nunua daftari na uazime mita. Mchoro ukikamilika, toa nakala mbili: moja ya fundi, nyingine uiweke pamoja na hati za parseli yako.