Ngoma za Gishora na wenzetu waliobaki kwenye gari

Mwezi uliopita tulipanda Gishora, karibu na Gitega. Shirika moja lilitulipia gari, na kwa jinsi mafuta yalivyo shida Bujumbura siku hizi, hilo peke yake tunashukuru. Tulikuwa ishirini na mmoja. Walioingia ndani ya uzio ni kumi na wanane. Watatu walibaki kwenye gari, kwa sababu mchungaji wao aliwaambia ati pale ni kwa mashetani, ukiingia unatoka na kitu kinakufuata.

Tunaandika kwa ajili ya hao watatu. Ni ndugu zetu, hatuwacheki.

Kweli pale palikuwa patakatifu. Mwami Mwezi Gisabo alipajenga karne ya 19 baada ya kumshinda Ntibirangwa, chifu aliyemwasi. Ngoma mbili za pale, Ruciteme na Murimirwa, hazikuwa za kuchezea. Kwa Kirundi ingoma ni ngoma, na ni ufalme pia, neno ni lilelile. Kulikuwa na umuganuro, sherehe ya mtama, Mwami akibariki mbegu za mwaka. Halafu wamisionari wakaja, umuganuro ukasimamishwa wakati wa Wabelgiji, na mwaka 1966 ufalme wenyewe ukafutwa. Vibanda vya nyasi vimebaki, na ngoma za mti wa umuvugangoma. Tulimuuliza mpigaji mmoja kama anaabudu ngoma. Alicheka sana. Yeye ni Mkatoliki, kabatizwa akiwa mtoto.

Sasa hebu tuulizane. Mmoja wa wale watatu ndiye mpiga ngoma wa kwaya yake! Jumapili iliyofuata tulimsikia, na anapiga vizuri, bwana. Ngozi ni ya ng'ombe, mti ni mti. Kama ngoma imeweza kuingia kanisani, kwa nini sisi tusiweze kuingia uani kwake?

Jambo lenyewe si dogo kwetu. Mmoja wetu bibi yake alifukuzwa kijijini, huko Fizi, kwa neno moja tu: mchawi. Nyumba ikachomwa. Alianza kuwa mkimbizi kabla hata ya vita kufika. Kwa hiyo tukisikia mtu anasema ushetani kwa kitu ambacho hajakiona wala kukiuliza, tunashtuka. Neno hilo tunajua linakoishia.

Na ninyi wa mashirika, tuwaambie pia. Kwenye programu mliandika "onyesho la ngoma", dakika arobaini, halafu soda. Mzee alitaka kueleza habari za Mwami, mkaangalia saa. Mkifanya patakatifu pa watu kuwa burudani, hamtofautiani sana na mchungaji yule: yeye anaogopa bila kuuliza, ninyi mnapiga picha bila kuuliza.

Dada zetu nao walitaka kujaribu kupiga. Haikuwezekana, amri ya Rais ya Oktoba 2017 imekataza wanawake kupiga ngoma hizo. Sisi ni wageni, sheria ya nchi tunaiheshimu. Lakini njia nzima ya kurudi walikuwa wanapiga migongo ya viti vya gari, na wale watatu wakaitikia.

Safari ijayo tunaomba mzee apewe saa nzima. Na mchungaji tumemwalika. Bado hajajibu.