Jina la Wenyeji Juu ya Mlango

Waswahili husema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Ndugu msomaji, yako mahali ambapo mgeni alikuja na mwenyeji hakupona. Mojawapo ni Melbourne, huko Australia, ambako walowezi wa Kizungu walifika mwaka 1835 na kuikalia ardhi ya Wawurundjeri, wenye lugha ya Woi-wurrung.

Katika jiji hilo, jirani na soko kongwe la Queen Victoria, limejengwa jengo la umma lililofunguliwa mwaka 2023. Ndani yake mna maktaba na, chini ya paa hilohilo, huduma za familia: wauguzi wa afya ya mama na mtoto, pamoja na ushauri kwa wazazi. Jengo hilo limepewa jina la Kiwoi-wurrung, narrm ngarrgu, yaani maarifa ya Narrm. Narrm ndilo jina ambalo wenyeji walipaita mahali hapo kabla hapajaitwa Melbourne.

Huenda ukauliza, jina lina uzito gani? Jibu limo katika historia. Mwaka 1869 koloni la Victoria lilitunga sheria iliyoipa bodi ya serikali mamlaka ya kuamua wenyeji waishi wapi, wafanye kazi gani, na watoto wao walelewe na nani. Kwa vizazi kadhaa, kote Australia, watoto walitwaliwa mikononi mwa wazazi wao, wakapelekwa katika taasisi na katika nyumba za Wazungu. Wengi walikua hawaijui lugha ya babu zao. Mwaka 1997 simulizi zao zilitolewa hadharani katika ripoti ya uchunguzi wa kitaifa, na tarehe 13 Februari 2008 Waziri Mkuu Kevin Rudd aliwaomba radhi bungeni.

Hebu tafakari, basi. Ofisi iliyodai kulinda familia ndiyo iliyozivunja, na akina mama waliwaficha watoto wao walipomwona ofisa akija. Leo mjukuu wa mama kama huyo anaalikwa amlete mwanawe apimwe uzito, katika nyumba yenye jina la lugha iliyokaribia kunyamazishwa. Heshima ya jina hilo haitapimwa kwa uzuri wa herufi zake. Itapimwa pale mizanini, kwa namna muuguzi atakavyompokea mama yule, na kama mama atarudi mara ya pili bila hofu.

Kuiweka maktaba pamoja na huduma za familia nako kuna hekima. Anayepita mlango ule hajulikani kama amefuata kitabu au amefuata msaada. Hivyo staha yake imehifadhiwa. Na mtoto aliyeletwa kuangaliwa afya anaweza kuondoka na hadithi mkononi.

Nasi wazazi, tunaochanga kwa ajili ya majengo ya jamii zetu, tuna la kujifunza. Kabla ya kuliandika jina ukutani, tuwaulize wenye mahali. Na kabla ya kujisifu kwa jengo, tumwangalie yule aliyewahi kuumizwa au kudharauliwa hapo. Akiingia akaketi kwa utulivu, nyumba hiyo imestahili jina lake.