Chombo Kidogo, Hesabu Kubwa

Katika Uingereza na Marekani wapo watu wanaounda nyumbani vyombo vidogo vya anga na kuwauzia wachezaji wa vita vya mezani, ambao hupima mwendo wa vikosi vyao kwa rula na kuamua mapigano kwa dadu. Mchezo huu si mgeni: mwaka 1913 mwandishi H. G. Wells alichapisha kanuni zake katika kitabu Little Wars. Wengi huiona kazi hiyo kuwa upuuzi. Rai yangu ni kwamba ni kazi ya sayansi, na kuifanya bila sayansi ni hatari.

Tuanze na ukubwa. Chombo cha sentimita 4 kikikuzwa kuwa cha sentimita 8, bila kubadilishwa umbo, metali inayohitajika haiongezeki mara mbili, bali mara nane. Apangaye bei kwa kutazama urefu tu atafilisika.

La pili ni zito zaidi. Risasi ni rahisi kuyeyusha, kwani huyeyuka kwenye nyuzi 327 za Sentigredi. Lakini ni sumu, na hudhuru hasa ubongo wa mtoto. Bati huyeyuka kwenye nyuzi 232 tu, nalo ni salama zaidi, ila bei yake ni kubwa. Hapo ndipo utu wa muuzaji hupimwa.

Ndugu walimu, msiwanyang'anye wanafunzi vitu vyao vya kuchezea. Waulizeni vimeundwa kwa metali gani, na kwa nini.