Msituwashie kompyuta, tukae tuiwashe pamoja

Vijana wenzetu, na nyinyi ndugu wa mashirika mnaotusoma, leo tuongee kuhusu dakika kumi tu: zile za kwanza kompyuta mpya inapowashwa.

Kompyuta ya kikundi chetu ilipofika hapa Nyamirambo, aliyeileta alikuwa na haraka. Akaiwasha, akabonyeza endelea, endelea, endelea, akatukabidhi. Tukapiga makofi na picha. Hatukuuliza kitu, kwa hiyo kosa ni letu pia.

Baadaye ndiyo tukaanza kuona. Kwenye nchi ilichaguliwa Kenya, basi saa ikawa ya Nairobi. Kigali tuko saa moja nyuma ya Nairobi, sawa na Goma na Bujumbura. Mwenzetu akaitwa kwenye usaili wa masomo kwa intaneti, saa nne asubuhi ya hapa. Kalenda ya kompyuta ikamwonyesha saa tano. Yeye akafuata saa ya simu yake, akaingia saa tano ya Kigali. Usaili ulikuwa umeshaisha.

Kibodi nayo. Mashine ilitoka Ulaya, vitufe ni vya Kifaransa, AZERTY, lakini ndani ilipangwa kwa Kiingereza, QWERTY. Unabonyeza A, inatoka Q. Ukiandika neno la siri linakataa, na huoni ulipokosea, maana unaona nukta tu.

Kubwa kuliko yote ni akaunti ya kwanza, ile inayotawala mashine nzima. Ilifunguliwa kwa barua pepe ya kijana aliyekuwa amesimama karibu. Sasa sisi wakimbizi tunahama. Safari yake ya Kanada ilipoiva, akaondoka, na neno la siri akaenda nalo. Tangu siku hiyo kila tukitaka kuweka programu, mashine inamtaka yeye.

Mtasema mipangilio inabadilishwa baadaye. Saa na kibodi, ndiyo, kama unajua pa kubonyeza. Lakini akaunti ya msimamizi bila neno lake la siri? Mara nyingi inabidi kufuta kila kitu na kuanza upya, na CV zetu zimo humo.

Kwa hiyo ndugu zetu, asanteni kwa mashine, ila kaeni nasi na sisi tubonyeze. Akaunti ya kwanza iwe ya kikundi, neno la siri walijue watu wawili au watatu, na kila mtumiaji afunguliwe akaunti yake ya kawaida.

Lugha pia tuulizwe. Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017, kwa hiyo tuangalie kama mashine inacho. Usipokiona kwenye skrini ya kwanza, kitafute baadaye kwenye mipangilio ya lugha ukiwa na intaneti. Anayetaka Kifaransa, achague Kifaransa.

Halafu yatakuja maswali ya faragha: programu zijue ulipo? Mashine itume taarifa za matumizi yako? Usiseme ndiyo kwa mazoea. Kwa mtu aliyekimbia kwao, swali la "uko wapi" si dogo. Soma kwanza, ndipo ujibu.

Haya, na ya kikundi chenu je? Nani aliiwasha, na neno la siri liko kwa nani? Ulizeni leo, kabla hajapanda ndege.