Bintiyo na ufa wa jabali

Mama mmoja wa Athi River ameniandikia akiuliza jambo ambalo sijawahi kuulizwa tangu nianze kuandika safu hii. Bintiye, mwanafunzi wa chuo kikuu mwenye umri wa miaka 20, siku hizi hukosekana nyumbani kila Jumamosi. Huenda Lukenya na wenzake kupanda majabali. Hilo mama alikuwa ameanza kulizoea. Kilichomkosesha usingizi ni video ambayo binti alimwonyesha kwenye simu huku akicheka: nusu ya mwili wake imezama ndani ya ufa wa jiwe, bega halionekani, mguu mmoja unatapatapa nje, naye anahema kama mzazi aliye leba. "Akikwama humo," mama anauliza, "nani atamtoa?"

Ni swali la haki, ingawa nadhani si la kwanza analopaswa kuuliza. Lakini kwanza tuelewane kuhusu ufa wenyewe.

Nyufa ndizo ngazi za jabali. Ufa mwembamba unaingiza vidole, mwingine unaingiza kiganja, mwingine ngumi, na ngumi iliyokazwa ndani ya jiwe hushika kama kabari. Ufa mkubwa sana, unaoweza kumeza mtu mzima, nao una njia yake: mgongo unaegemea ukuta mmoja, miguu inasukuma ukuta wa pili, mtu anapanda polepole kama watoto wetu wanavyopanda fremu ya mlango. Balaa ni ule wa katikati. Ngumi inapwaya ndani yake, na mwili haupiti. Hakuna cha kushika wala pa kukaa. Huo ndio binti alikuwa ndani yake.

Humo mtu hupanda kwa kujikaza. Anachagua upande mmoja wa mwili, kushoto au kulia, na ni lazima achague akiwa bado chini, kwa maana kugeuka katikati ya safari ni taabu tupu. Mkono wa ndani unakunjwa kama bawa la kuku, kiganja kikisukuma ukuta huu na bega ukuta ule. Mguu nao unawekwa kisigino upande mmoja, ncha ya kiatu upande mwingine. Ukikaza vyema unapata pumzi mbili tatu za kupumzika. Kisha unainua goti, unanyoosha mwili, unasonga kiasi cha upana wa kiganja. Unarudia. Mita 10 za ufa kama huo zinaweza kukumaliza nguvu kuliko mita 50 za ukuta wa kawaida.

Ninaelewa basi kwa nini wengi waliojaribu mara moja hawarudi. Wanaorudi ndio wanaonivutia. Kwenye ukuta laini anayesifiwa ni mwepesi, mwenye vidole vya chuma na mwendo wa kupendeza. Ufa mpana haujali mapambo. Unataka subira na pumzi, na unamtaka mtu anayekubali kuonekana kama mende aliyepinduka. Kijana anayeishi katika dunia ya picha za kujipamba anapata mahali ambapo hakuna anayependeza. Sishangai kwamba binti alikuwa akicheka.

Waingereza wawili, Tom Randall na Pete Whittaker, walivutiwa na mchezo huu hadi wakajenga nyufa za mbao katika chumba cha chini ya nyumba ya Randall mjini Sheffield. Walifanya mazoezi humo kwa miaka miwili, wakining'inia kichwa chini. Mwaka 2011 walisafiri hadi jangwa la Utah, Marekani, wakapanda Century Crack, ufa mpana unaopita katika dari la jiwe, ambao hakuna aliyekuwa ameumaliza kwa nguvu zake mwenyewe kabla yao. Nawahurumia waliokuwa wakiishi ghorofa ya juu.

Sasa swali la mama. Kukwama kupo, na kinachokwama mara nyingi ni goti. Linaingia kwa urahisi, mwenyewe anashtuka, msuli unakaza na kuvimba, goti linakataa kutoka. Dawa yake ni kutulia: kulegeza mguu, kushuka kidogo badala ya kuvuta kwenda juu, na kutoka kwa njia ileile goti lilikoingilia. Aliyefungwa kamba anaweza kuegemea kamba hiyo akapumua. Inaumiza, inaaibisha, lakini kwa kawaida inaisha.

Hatari inayonitia wasiwasi mimi ni ile isiyoonekana kwenye video. Mpandaji anayetangulia huchomeka kabari za chuma ndani ya ufa na kupitisha kamba yake hapo, ili akianguka kabari imzuie. Ufa mpana unahitaji kabari kubwa mno, nzito na ghali, na vijana wengi wanayo moja tu au wameiazima. Wanachofanya ni kuisukuma juu kadiri wanavyopanda. Maana yake ni kwamba chini yao hakuna kitu kingine. Kabari hiyo ikichomoka, au ikijizungusha ndani ya ufa hadi ikalegea, mtu anaanguka hadi kuipita kabari ya mwisho aliyoiacha nyuma, na huenda hiyo iko karibu na ardhi.

Kuna pia mawe yaliyonasa ndani ya ufa. Yanaonekana kama mpini uliowekwa na Mungu. Ukilivuta moja likatoka, linamshukia mwenzako aliyeshika kamba chini. Na kwetu hapa ufa una wenyewe: pimbi, popo, pengine nyoka, na hasa nyuki. Aliyejibana ndani ya jiwe hadi begani hawezi kukimbia nyuki. Yeyote anayepanda Lukenya, au kuta za Hell's Gate kule Naivasha, angalie mdomo wa ufa kwa dakika kadhaa kabla ya kutia mkono.

Kwa hiyo, mama, muulize binti: Wewe hutangulia, au kamba yako imefungwa juu kabla hujaanza? Kamba ikiwa imetangulizwa juu, ufa uleule wa kutisha unakuwa mazoezi ya kutoa jasho. Kama hutangulia, mna kabari ngapi za kipimo hicho? Nani hushika kamba, na alifunzwa na nani? Kofia ngumu iko wapi? Akijibu bila kubabaika, punguza wasiwasi kidogo. Akijibu "usijali, mum", hapo jali.

Na umwambie aache neno nyumbani: wapi, na nani, saa ngapi atarudi. Mwaka 2003 Mmarekani Aron Ralston alikuwa peke yake katika bonde jembamba la mawe huko Utah, jiwe likahama na kuubana mkono wake ukutani. Hakuwa amemwambia mtu alikokwenda. Siku zikapita hakuna aliyejua pa kumtafuta, na baada ya siku tano aliukata mkono wake mwenyewe ili aondoke akiwa hai. Ujumbe mmoja wa simu kabla ya kutoka nyumbani ungebadilisha mengi.

Kumpiga marufuku? Ana miaka 20. Ukimkataza ataenda, na video hutaziona tena.

Yuko mama mwingine ninayemfikiria, Dierdre Wolownick, mwalimu wa lugha kule California. Mwanawe ni Alex Honnold, ambaye mnamo Juni 3, 2017 alipanda ukuta wa El Capitan, wenye kimo cha mita 900 hivi, bila kamba yoyote. Njia aliyopitia ina ufa mpana ambao wapandaji wameupa jina la zimwi. Mimi kama mzazi siwezi kuusifu uamuzi ule, hata filamu yake ipewe tuzo ngapi. Ninachokipenda ni alichofanya mama. Alikuwa amejifunza kupanda akikaribia miaka 60, ili aelewe mwanawe anazungumza nini mezani. Mwaka huohuo wa 2017, akiwa na miaka 66, aliupanda ukuta uleule kwa kamba, mwanawe akiwa pamoja naye.

Sikwambii uende Lukenya ukajibane kwenye jiwe, ingawa kusimama chini Jumamosi moja na chupa ya maji hakudhuru. Vijana huwa wanahitaji mtu wa kubeba chakula.

Mwisho, umesema viwiko vyake vimechubuka na hataki upake dawa. Maji safi na sabuni yanatosha, mradi asipande tena kabla ngozi haijafunga. Mnunulie shati la mtumba la mikono mirefu, kitambaa kizito. Na ile suruali ya jinzi iliyotoboka magotini usiitupe. Hiyo ndiyo ya kazi.